Habari Zimfikie Popote Alipo

Watu wakishapatwa na msiba hupenda kusema kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo bundi alilia. Hakuna bundi aliyelia. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua limewaka mapema, na mtunza kanda wa kituo cha redio alikuwa amesimama katika ukumbi mwembamba wa nyumba yao, mkoba uko chumbani na njia imezibwa na cherehani.

"Dada."

"Abee."

"Nipishe."

Dada yake mshonaji alisogeza kiti pembeni bila kuinua macho kwenye pindo. "Kila siku nipishe, nipishe. Ungepunguza makalio ungepita mwenyewe."

"Ningekuwa na makalio ningekuwa nimeolewa."

Walikuwa wawili tu duniani. Mama yao alifariki mtunza kanda akiwa hajaota meno ya pili, dada ndiye aliyemlea, akamshonea sare za shule, na wachumba wakaja wakachoka kumsubiri. Sasa dada alikuwa na miaka sabini na moyo uliokwishasimama mara mbili. Daktari alisema ukisimama mara ya tatu hautaondoka tena. Kwa hiyo mtunza kanda alikuwa na kazi mbili: kutunza kanda, na kuhakikisha hakuna habari mbaya inayomfikia dada yake kwa kushtukiza. Ila saa saba mchana hakuweza kumzuia. Redio ilikaa juu ya rafu, usawa wa sikio, na dada alisikiliza matangazo ya vifo hadi la mwisho.

"Nataka kujua nani harudi kuchukua gauni lake," alikuwa akisema.

Kazini kulikuwa na pilikapilika. Kituo kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, na meneja, mtu wa tai ndefu na subira fupi, alitaka kipindi cha siku zisizosahaulika: siku jua lilipozimika mchana na mtangazaji akawaambia watu wasitazame juu, naye mwenyewe akatoka nje kutazama, siku ya fainali, mtangazaji alipokaukiwa na sauti sekunde moja kabla ya bao. Zaidi ya yote alitaka sauti ya mtangazaji wa kwanza, marehemu aliyeitwa Koo la Shaba.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Enzi zile kanda mpya zilikuwa adimu, basi wakubwa waliamuru za zamani zifutwe, na juu yake zikarekodiwa hotuba za wakubwa. Koo la Shaba alibaki kwenye kanda moja tu. Boksi lake lilikuwa rafu ya chini kabisa, na mtunza kanda aliyemtangulia alikuwa ameliandika kwa wino mwekundu: ISIPIGWE. MASAHIHISHO HAYAJASOMWA.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya tangazo, imejazwa kwa mwandiko wa mtu anayelia: aliyefariki ni mwashi, na habari zimfikie mdogo wake, mchimba visima, popote alipo. Ya pili ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la zamu. "Saa saba na robo, majina yamesomwa kinyume. Mchimba visima ametangazwa kuwa ndiye marehemu, na habari zimeelekezwa kwa mwashi. Mtangazaji amekataa kusahihisha, anasema yeye hakosei. Saa kumi na moja jioni, mchimba visima kafa kisimani."

Mtunza kanda alisoma mara mbili. Kwa watu wa redio kosa si kitu, kila ulimi huteleza. Lakini masahihisho husomwa siku ileile, kwa sauti ileile. Hili halikusomwa. Kwa miaka arobaini, habari zilikuwa zimetumwa kwa maiti, popote alipo.

Alimpelekea meneja boksi. Meneja alitazama wino mwekundu kama mtu anayetazama doa kwenye tai.

"Bibi, nani anaogopa kanda?"

Wakaipiga saa tano asubuhi, mtunza kanda na fundi mitambo, mtu wa utani aliyefanya naye kazi miaka ishirini na mitatu. Koo la Shaba alitoka kwenye spika mzito na mtamu, kama anakusemea begani. Akasoma tangazo la kwanza. La pili. La tatu likawa lile la mchimba visima, majina kinyume. Kisha ikasikika karatasi ikigeuzwa.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha fundi mitambo wa kituo hiki, kilichotokea leo. Habari zimfikie mtunza kanda, popote alipo."

Fundi alicheka. "Nani kaniwekea hii? Wewe?"

"Mimi nilikuwa shule ya msingi kanda hii inarekodiwa."

"Basi habari zimekufikia. Lia kidogo nione."

Hakulia. Aliizima mashine. Gurudumu liliendelea kuzunguka polepole, mizunguko mitatu minne zaidi, ndipo likasimama.

Saa tisa walimkuta fundi amekaa kwenye ngazi ya chumba cha mitambo, kikombe cha chai mkononi. Chai ilikuwa imejaa. Haikuwa imemwagika hata tone. Ilikuwa inatoa mvuke bado, na mkono uliokishika ulikuwa wa baridi.

Usiku ule hakumwambia dada kitu. Alisema fundi anaumwa.

Jumatano asubuhi aliingia chumba cha kanda, akafunga mlango kwa ndani. Alijua atakachosikia. Mtu huitaka hakika hata kama ni ya kummaliza. La kwanza, la pili, la mchimba visima, la fundi. Karatasi ikageuzwa.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mtunza kanda, kilichotokea leo. Habari zimfikie dada yake mshonaji, popote alipo."

Hakushtuka kwa ajili yake mwenyewe. Alihesabu kwa vidole. Fundi alitangazwa, habari zikaja kwake. Sasa katangazwa yeye, habari zinakwenda kwa dada. Anayepokea ndiye anayefuata.

Alipanda kwa meneja. "Nipe dakika moja hewani, nisome masahihisho. Mwashi ndiye aliyefariki, habari zimfikie mchimba visima. Basi."

"Tusahihishe kosa la miaka arobaini? Wiki ya sherehe? Watatucheka."

"Fundi kafa."

"Fundi alikuwa na presha." Meneja alishusha sauti, akatazama mlangoni. "Tena usiniambie kanda ilisema nini. Sitaki kusikia nimetajwa au sikutajwa."

Kumbe naye alikuwa anaogopa. Watu wa tai huogopa kwa adabu.

Akarudi chini. Saa nne na nusu. Alitoa wembe, kibao cha kukatia na utepe wa gundi. Kazi hii aliijua hata akifumba macho: unaizungusha kanda kwa mkono, mbele na nyuma, hadi neno liko chini ya kidole. Akaweka alama ya chaki mwanzo wa "Habari". Akaweka nyingine baada ya "alipo". Akakata. Akakata tena. Akaunganisha ncha mbili zilizobaki.

Kipande kilichotoka kilikuwa na urefu wa mkono wake, kuanzia bega hadi vidole. Kilijikunja mezani peke yake. Chumba hakikuwa na upepo.

Akaipiga kanda. "Tunasikitika kutangaza kifo cha mtunza kanda, kilichotokea leo." Kisha kimya. Koo la Shaba alingoja. Pumzi zake zilisikika. Alikuwa anatafuta jina kwenye karatasi, naye halioni.

Mtunza kanda alikiviringisha kile kipande, akakitia kwenye mkoba. Akampigia dada simu.

"Umekula?"

"Nile nini saa hizi? Leta uzi mweusi ukirudi. Nimeishiwa."

"Nitaleta."

"Mbona unaongea kama uko kisimani?"

Alikata simu. Walimkuta saa sita na nusu, kichwa juu ya meza, chaki bado kidoleni.

Meneja alikwenda mwenyewe kutoa taarifa, pamoja na jirani mmoja aliyebeba maji ya kumnyunyizia dada akizimia. Aliongea taratibu, kama daktari alivyoagiza. Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Sijakusikia, baba. Umesema?"

Akarudia. Dada alimtazama midomo, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu atarudi jioni. Nimemwagiza uzi."

Jirani alipaza sauti. Akaandika kwenye karatasi. Dada aliigeuza juu chini, akasema pande zote mbili ni nyeupe. Siku ya mazishi alikaa mbele kabisa, akamwuliza jirani kwa kunong'ona, "Huyu tunayemzika ni nani?" Wakamwambia. Akauliza tena.

Moyo wake haukusimama. Daktari anasema uko imara kuliko zamani. Habari hazijamfikia, na hazitamfikia. Kila jioni anaweka sahani mbili, na kila asubuhi anashangaa ile ya pili imelala na chakula. Hana pa kulilia, maana hajui kama kuna cha kulia. Wengine husema mtunza kanda alimwokoa. Hao hawajawahi kukaa naye jioni.

Meneja aliichoma ile kanda. Lakini kuanzia siku hiyo, kila saa saba na robo, katikati ya matangazo ya vifo, kituo kinakatika. Si muda mrefu. Mafundi wameupima: ni sawasawa na muda wa kipande chenye urefu wa mkono, kuanzia bega hadi vidole. Wamebadilisha mitambo, wamebadilisha nyaya, wamebadilisha watangazaji. Bado kinakatika.

Mkoba ulirudishwa nyumbani na vitu vyake. Dada aliona kitu cha kahawia kimeviringwa ndani, akadhani ni uzi aliouagiza, ila wamekosea rangi. Akauweka kwenye droo ya cherehani. Hakuna anayethubutu kuutoa.

Majirani walimtolea redio betri, wakidhani ni huruma. Haikusaidia. Saa saba na robo mshonaji huacha kukanyaga cherehani. Huinua kichwa.

"Abee," huitika.

Kisha husogeza kiti pembeni, ili apite.