Mfuniko wa Pipa

Fundi wa kuchomelea vyuma aliishi kando ya barabara kuu, pale inapozunguka mwamba. Malori yakipita, sufuria zilitetemeka kabatini. Vumbi liliingia kila mahali, hasa kwenye pipa la maji uani.

"Baba watoto, watu wote wanakusifu kwa ufundi, na pipa letu halina mfuniko," mkewe alimtania. "Tutakunywa udongo mpaka lini?"

Siku moja fundi alichoka kutaniwa. Kabla ya kona palikuwa na kibao cha duara. Kilikuwa kimelegea, kinagongagonga kwa upepo. Alichukua spana, akakifungua. Kililienea pipa sawasawa. Upande wenye rangi aliugeuzia chini, na upande wa juu akachomelea mshikio. Mkewe alifurahi, na fundi akatembea kifua mbele siku nzima.

Mdogo wa mkewe alikuwa dereva wa lori. Mwaka huo alipangiwa barabara ile kwa mara ya kwanza. Alimpigia dada yake simu: "Niwekee maji ya kuoga. Leo nalala kwenu."

Hakufika. Lori lilimshinda kwenye kona, likalala ubavu. Walimtoa akiwa hai, lakini hospitali walimkata mguu wa kulia.

Alipotoka alikaa kwa dada yake, akitembea kwa magongo. Trafiki walimfungulia kesi ya mwendo kasi. Bila kwenda kukagua, walisema kibao cha mwendo kiko pale miaka yote. Akipatikana na hatia, angefungwa.

"Shemeji, mimi sikukiona," alimwambia fundi. "Njia siijui, kwa hiyo nilikuwa natazama vibao kwa makini. Au nilisinzia?"

"Labda uchovu, shemeji," fundi alijibu, akiangalia pembeni. Alijichukia palepale, akarudi kwenye kazi yake.

Jirani yao alifanya kazi ya kukarabati barabara, na watu walimwita Mama Lami. Siku moja alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alisikia kiu, akaenda uani kujichotea maji. Aliinua mfuniko, akauegemeza ukutani. Duara jekundu likaonekana, na katikati yake namba arobaini.

"Fundi," aliita kwa sauti ya chini. "Hii ni nini?"

"Ni bati tu, mama. Lilikuwa limelegea."

"Likilegea unaniambia mimi, nakuja kulikaza."

"Lakini ile kona kila mtu anaijua."

"Wewe ndiye unayeijua. Barabara hii inaanzia bandarini, inavuka mipaka miwili, inaishia machimboni. Madereva wengine hata lugha yetu hawaijui. Ndiyo maana vibao ni picha na namba. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Hili linasema usizidi arobaini. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya kwamba mbele kuna hatari. Duara la buluu linaamuru. Mgeni wa njia atajuaje bila hivyo?"

"Kwa nini basi wasiinyooshe?"

"Zamani hii ilikuwa njia ya wapagazi. Waliuzunguka mwamba kwa sababu nyuma yake kuna chemchemi. Mikokoteni ikapita walipopita wao. Magari yakafuata, na lami ikamwagwa palepale. Kuuvunja mwamba ni kazi kubwa. Tulichokuwa nacho ni kibao, nawe umefunikia pipa."

Magongo yaligonga sakafu. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, na dada yake nyuma yake.

"Kumbe sikusinzia," alisema. "Na maji ya pipa hili nayanywa kila siku."

Dada yake alikaa chini, akalia. Mfuniko aliutaka yeye.

"Nitakirudisha sasa hivi," fundi alisema. "Nitakikaza vizuri."

"Ukikirudisha kimyakimya, trafiki watakikuta pale," alisema Mama Lami. "Watasema kilikuwepo. Atafungwa kwa kupuuza kibao ulichokiiba wewe."

Fundi alikibeba kibao kwapani, akaenda nacho kituo cha polisi mchana kweupe, watu wakimtazama. Alieleza yote. Kesi ya shemeji ilifutwa. Fundi alifungwa miezi sita, na hakuna aliyesema ameonewa.

Alipotoka, Mama Lami na wenzake walikuwa wanaweka vibao vipya. Fundi aliomba kusaidia. Walipomkubalia, alichomelea kila nati ili spana isifungue kitu tena. Hakudai hata senti.

Tangu hapo hakuna gari lililoanguka kwenye kona. Watu wa mtaa wakiona kibao kimelegea, wanampigia Mama Lami simu. Pipa la maji limefunikwa kwa ubao.

Shemeji hukaa kwenye benchi nje ya karakana, magongo yakiwa kando yake. Hazungumzi sana na fundi. Lakini kila lori linapokanyaga breki kabla ya kona, husema kwa sauti, ili fundi asikie:

"Huyu amekiona."