Fundo la Ettie

Tommy Garrity alifia uwanjani Jumamosi mchana, na mtu wa mwisho kuonekana juu ya kifua chake alikuwa Clem Rudge, mchumba wa dada yake.

Clem na Ettie walijuana kwenye uwanja huohuo, msimu uliotangulia. Clem alikuwa ameufuata mpira mpaka kwenye uzio, mtaa mzima wa wapinzani, Collingwood, ukimzomea, mara akachomwa makalioni. Akageuka. Msichana mwenye kofia yenye utepe wa timu ya kwao alikuwa anairudisha pini ya kofia mahali pake, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani.

"We dada, umenichoma!"

"Basi kimbia. Ukisimama nakuongeza."

"Unaitwa nani, nikushtaki?"

"Ettie Garrity. Na atakayekukanyaga leo ni kaka yangu, yule kibonge pale."

Baada ya mechi Clem alimsubiri penye tramu, ana pai mbili za nyama mkononi.

"Moja ya kaka yako."

"Ya kaka yangu naila mimi," Ettie akajibu, akazila zote mbili.

Wote walikuwa watu wa sindano. Ettie alishona ngozi za viatu kiwandani. Clem alishona mipira, ile yenye umbo la yai. Kabla ya majira ya baridi mengine, pete ilikuwa kidoleni.

Wachezaji walivaa vizibao vya turubai vya kufungwa kamba kifuani. Kadiri kilivyobana, ndivyo adui alivyokosa pa kushika. Ettie ndiye aliyemfunga Tommy kila Jumamosi. Siku hiyo alitumia uzi wa kiwandani uliopakwa nta, akaukaza kwa nguvu zote, akapiga fundo la kukatwa kwa mkasi tu.

"Leo sina shemeji," Tommy alimwambia Clem uwanjani. "Nikikukuta na mpira nakufukia."

"Utanifukia na nini, na hilo tumbo?"

Katika robo ya tatu Clem aliruka kudaka mpira, goti mbele, kama kila mtu arukavyo katika mchezo huo. Goti likampata Tommy kifuani. Refa hakupuliza filimbi, halikuwa kosa. Tommy alianguka chali kwenye tope, akaachama, na hewa haikuingia. Ilitoka sauti kama ya mvukuto uliotoboka. Clem akavuta kamba za kizibao kumlegezea. Wapi! Akainama, akalitafuna fundo mpaka jino lake la mbele likakatika.

Kule kwenye uzio Ettie aliona jambo moja tu: mchumba wake amemng'ang'ania kaka yake kwa meno, kama mbwa. Mpaka mtu mwenye kisu anafika, Tommy alikuwa ameshakwisha.

Makaburini Ettie alimfuata Clem, gauni jeusi likiburura tope.

"Ulimfanya nini?"

Clem alijua kwamba ukweli ungemsafisha yeye na kumzika Ettie pamoja na kaka yake.

"Ni goti langu," alisema, midomo imebana. "Goti tu."

"Na yale meno?"

Ettie akavua pete, akaitupa miguuni pa Clem.

Clem hakucheza tena. Karakanani, kila alipokaza kamba ya mpira, mpira ulishusha pumzi, na ilikuwa pumzi ya Tommy. Akaanza kuacha kamba zimelegea. Tajiri wake akamfukuza, na Clem akaenda kubeba magunia sokoni.

Ettie alimkuta hapo majira ya tatu ya baridi, katikati ya makelele ya wauza viazi. Alivaa gauni la kijivu, na kofia yake haikuwa na utepe.

"Cheka," alimwambia.

"Sina cha kuchekea."

"Nimesema cheka, Clem."

Akafungua mdomo. Ettie akalitazama pengo, kisha akafungua leso. Ndani kulikuwa na kipande cha jino.

"Mama amefariki. Nikafungua sanduku la nguo za Tommy. Kizibao kimekatwa kisu ubavuni, fundo langu zima. Hiki kilikuwa kimenasa humo."

"Ni goti, Ettie."

"Acha kunidanganya, mpumbavu we! Umeniacha nikuchukie."

"Chuki ungeweza kuibeba. Hili la fundo lako sikuwa na hakika."

Ettie alilia wima, watu wakimpita na vikapu.

"Tangu nilipolifungua lile sanduku," alisema, "usiku nasikia mtu anavuta pumzi."

"Mimi namsikia hata mchana."

"Basi tumsikie wawili, mpenzi. Peke yangu siwezi."

Walioana Septemba, bila ngoma. Katika nyumba yao hakuna kitu kinachofungwa kwa kamba.

Gharama ya fundo lile ni hii. Tommy, kijana wa miaka ishirini na miwili. Jino la mbele. Mkono wa mshonaji mipira mzuri. Majira matatu ya baridi ya chuki iliyomwangukia asiyestahili. Na Jumamosi zote zilizobaki, kwa sababu umati ukinguruma kule uwanjani Ettie hufunga dirisha, Clem humshika mkono, na wanakaa hivyo, wakimsikiliza Tommy, mpaka kengele ya mwisho ya mechi.