Tuhamie kwa Marselino

Mwaka ule wa tisini na nne, mtu wa Shinyanga mjini asiye na simu nyumbani alikwenda kupiga kwa Hozefa. Lilikuwa duka la vyombo karibu na soko. Nyuma ya rundo la sufuria palikuwa na kijumba cha mbao chenye mlango, na ndani yake simu nyeusi na kigoda. Jumamosi foleni ilifika hadi barazani.

Jumamosi moja kijumba kilikuwa na mwanamume anayepiga kelele kama anayeswaga ng'ombe.

"Nimesema masururu! Masururu, siyo majembe! Na kamba!"

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Limi, msusi mwenye saluni yake ndogo nyuma ya stendi. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa kiunoni, na nywele alizozitia dawa ya kalikiti ziling'aa mafuta. Alivumilia, akashindwa, akagonga mlango.

"Kaka, mlango umeufunga wa nini? Duka zima tumeshajua unataka masururu."

Watu wakaangua kicheko. Akatoka kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, jinzi mpya, lakini viatu vimeganda udongo mwekundu wa machimboni.

"Nisamehe dada. Wa upande wa pili ni mzito wa kusikia."

"Basi sasa na sisi tumekuwa wazito."

"Nikikununulia soda, masikio yatapona?"

"Litapona moja," Limi akasema, akaingia kijumbani na kumfungia mlango usoni. Alipomaliza kuongea na mwuza dawa za nywele wa Mwanza, alimkuta yule kijana bado yupo barazani, chupa mbili za soda mkononi, zinatoka jasho.

Aliitwa Nkwabi. Alikuwa na duara lake, yaani shimo la dhahabu, huko Nyarugusu upande wa Geita, akishirikiana na wenzake. Shinyanga alikuja kwa ajili ya vifaa. Alipaswa kuondoka siku ile ile. Akaondoka baada ya wiki, na kwa wiki hiyo nzima majirani wa Limi pale stendi walimwona amekaa kwenye benchi la saluni akiwachekesha wateja waliofungwa taulo kichwani.

Baada ya hapo mapenzi yao yakahamia ndani ya kijumba cha Hozefa. Kila Jumamosi mchana Limi alifunga saluni, akapaka wanja kana kwamba simu ina macho, akaenda kupanga foleni. Kule Nkwabi naye alipanda gari kutoka machimboni hadi Geita mjini, kwenye nyumba ya wageni yenye simu, akangoja.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula dagaa. Wewe je, umevaa nini leo?"

"Huna adabu wewe. Nimevaa gunia."

"Gunia hilo nalionea wivu."

Limi alicheka akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mle ndani aliweza kumwambia Nkwabi mambo ambayo hata shangazi yake, aliyeishi naye mtaani Ngokolo, hakuyajua. Wakati mwingine walinyamaza tu wakasikilizana pumzi, mpaka Hozefa agonge mbao: "Binti, dakika zinakwenda!"

Zilikuwa zinakwenda kweli. Simu ya Hozefa ilikuwa ghali, na wawili hawa walishaanza kusema habari ya kiwanja.

"Limi," Nkwabi akasema siku moja, "huku machimboni wameleta simu ya upepo. Ipo palepale tunapolala. Na mwenye mtambo kama huo yupo hapo kwenu, anaitwa Marselino. Bei yake haifiki hata nusu ya Hozefa. Tuhamie kwa Marselino, mpenzi."

"Simu ya upepo si kila mtu anasikia?"

"Wakisikia wamekula nini chetu?"

"Maneno yetu, Nkwabi."

"Maneno hayajengi nyumba. Mimi napoteza Jumamosi nzima barabarani, wenzangu wapo shimoni. Fikiria."

Limi akafikiria. Jumatatu alipita kwa Marselino kuchungulia. Kilikuwa chumba kimoja kando ya stendi, chenye mtambo mezani, betri ya gari sakafuni, na waya uliopanda juu ya mti mrefu uani. Marselino, mtu mzima mpole mwenye miwani, alikuwa akimwelekeza bibi mmoja: "Bonyeza hapa, vuta pumzi kwanza, ndipo useme. Ukiwahi, mwanzo wa neno unamezwa. Ukimaliza sema ova, uachie." Kwenye mabenchi walikaa watu wanaosubiri zamu, na wote walisikia kwamba mwana wa yule bibi amepewa talaka. Bibi akatoka ameinamisha kichwa.

"Siwezi," Limi akamwambia Nkwabi Jumamosi iliyofuata. "Tubaki kwa Hozefa. Nitapunguza matumizi mengine."

Nkwabi akauliza kwa sauti ambayo Limi hakuwahi kuisikia, "Au pale kwa Hozefa kuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Sijui. Mtu akionyeshwa njia rahisi akaikataa, ana lake jambo."

Maneno yale yalimchoma. Usiku wake haukuwa na usingizi, na asubuhi akajiambia kwamba kijumba cha mbao si kitu cha kugombania na mwanamume anayetaka kukujengea nyumba. Akahama.

Jumamosi ya kwanza kwa Marselino, Nkwabi alisema kwa nguvu, "Nakupenda, Limi. Ova!" Mabenchi yakalipuka. Mama mmoja mwuza nyanya akapiga kigelegele. Limi alihisi masikio yanawaka.

"Na mimi pia... hivyohivyo. Ova."

"Hivyohivyo ndiyo nini? Ova."

"Nimesikia ulivyosema. Salamu nyingi. Ova."

Kule Nyarugusu nako wachimbaji walijaa mlangoni, wakimgonga Nkwabi mabegani: "Nyanda, kijana wetu, umepewa salamu kama baba mkwe!" Akacheka nao, lakini moyoni neno likabaki. Jumamosi hadi Jumamosi, Limi alizidi kuwa mfupi wa maneno. Aliuliza habari za mvua, akaaga. Nkwabi akadhani penzi linapoa. Limi akadhani Nkwabi ameanza kupenda kusikilizwa na watu kuliko kusikilizwa na yeye.

Ndipo akatokea Magesa, mnunuzi wa almasi wa Maganzo, mwenye gari na sauti ya taratibu. Hakupoteza muda saluni. Alikwenda moja kwa moja Usanda kwa baba yake Limi, akaahidi ng'ombe. Baba akatuma ujumbe mjini: mtu amekuja, ni mtu wa maana. Limi akataka kumpa Nkwabi habari hizo mwenyewe, lakini habari ilimtangulia. Wachimbaji wa Maganzo na wa Geita ni walewale, wanahama na uvumi wao.

"Limi," sauti ya Nkwabi ikakwaruza kutoka kwenye mtambo, bila salamu. "Nasikia Magesa ametoa ng'ombe kwenu. Ni kweli umekubali? Ova."

Mwuza nyanya akaacha kutafuna. Limi aliona macho yote yamemgeukia, akaona aibu, kisha hasira ikaipita aibu. Mbele ya watu! Aliparamia kitufe na neno lake likatoka papo hapo:

"Sijakubali!"

Akaachia, akainuka, akatoka nje machozi yakimlenga. Hakuvuta pumzi kwanza.

Nyarugusu, mtambo ulikohoa ukatoa mkia wa neno tu: "...kubali."

"Rudia! Ova," Nkwabi akasema.

Aliyejibu ni Marselino, kwa upole wake wote. "Mwenzako ameondoka. Ova."

Pale mlangoni mchimbaji mmoja akapiga mluzi. "Nyanda, umeachwa hewani!" Na wote wakacheka.

Jumamosi iliyofuata Limi alikwenda kwa Marselino. Akaambiwa Nkwabi hakufika. Iliyofuata, hivyohivyo. Akarudi kwa Hozefa akapiga Geita mjini. Mhudumu wa nyumba ya wageni akasema hajamwona siku nyingi. Akiwa katikati ya hayo akaenda Usanda, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo baba. Magesa simtaki."

"Marahaba. Ng'wanawane, mwanangu, unamngoja nani?"

"Namngoja mtu wangu."

"Yuko wapi?"

Limi akarudia tu kwamba Magesa hamtaki. Baba alikasirika akakataa hata chakula, lakini ng'ombe wa Magesa hawakupokelewa.

Mvua zilipokatika, miezi minane tangu siku ile ya mtambo, Limi alifunga saluni akapanda basi la Geita. Nyarugusu walimwambia Nkwabi aliuza sehemu yake ya duara na kuhamia Buseresere. Akaendelea hadi Buseresere, vumbi limemjaa mpaka kope. Siku ya soko, katikati ya wauza mihogo na mitumba, alimwona amesimama mlangoni mwa mgahawa, ameshika ndoo.

Ndoo ikaanguka. "Limi?"

"Mimi."

"Umekuja... na mumeo?"

"Mume yupi?"

"Magesa. Si ulisema umekubali? Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilisema sijakubali." Limi alitamka polepole, herufi kwa herufi. "Nkwabi, nilisema sijakubali."

Nkwabi akakaa juu ya gunia la mchele. "Mimi nilisikia kubali. Watu wote walisikia kubali."

"Na ukaondoka? Shinyanga si ng'ambo ya bahari. Ungekuja ukaniuliza."

"Walinicheka, Limi. Ningekuja nichekwe na huko?"

"Kwa hiyo ulinipima na kicheko cha wachimbaji."

"Na wewe ungesimama pale kidogo tu! Nilisema rudia. Nikaambiwa umeondoka."

Limi alijua hilo nalo ni kweli. Akanyoosha mkono amfute vumbi shavuni. Kabla haujafika, mwanamke akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele.

"Mgeni wetu?" akauliza kwa uchangamfu.

Nkwabi akainuka haraka kutoka kwenye gunia. "Ni dada yangu. Wa Shinyanga. Limi, huyu ni Scolastika."

"Wifi! Karibu jamani, karibu!" Scolastika akamkumbatia kwa nguvu. "Kaa, nikuletee wali na sato. Kaka yako huyu hasemi habari za kwao hata kidogo."

Limi akakaa, akaletewa chakula, akala. Kila tonge alilisukuma kwa maji. Scolastika alipoingia jikoni kuongeza mchuzi, Nkwabi akainama haraka.

"Nitamwambia ukweli leo hii. Twende zetu, mpenzi. Niambie tu twende."

"Na hicho kilichomo tumboni?"

Nkwabi akatazama mlango wa jikoni.

"Usiniite mpenzi tena," Limi akasema. "Nimeshakuwa dada yako. Umesema mwenyewe."

Jioni ilipokaribia, wote wawili walimsindikiza hadi basi la kurudi Geita. Scolastika alimfungia mihogo kwenye kitambaa, akamshika mkono dirishani. "Usitutupe, wifi. Mtoto akizaliwa tutakuletea habari."

"Mniletee," Limi akasema, akatabasamu mpaka basi lilipoondoka.

Scolastika alipunga mkono hadi vumbi likatulia. "Mbona hukuwahi kuniambia una dada mzuri hivi?" akamwuliza mumewe.

Nkwabi alirudi mgahawani, akaokota ndoo pale ilipoangukia, akaenda kuteka maji.