Nyumba Isiyokuwepo

Jamani, sogeeni karibu. Haya ninayowaambia si ya kucheka.

Nyumba ya seremala, ambaye wote walimwita Randa kwa jina la chombo chake cha kulainishia mbao, ilikuwa peke yake mwisho wa kijiji. Asubuhi ile alikuwa uani analainisha mlango wa mteja, na mama yake amekaa kizingitini anachambua maharage. Kulikuwa shwari. Mara wakaja vijana watatu na kamba ya kupimia. Hawakupiga hodi. Walipita kati ya mama na sinia lake, wakaingia jikoni, wakagonga kigingi katikati ya mafiga, moto unawaka, kisha wakatokea mlango wa nyuma huku wakizungumzia mpira.

"Mwanangu," mama akauliza, "hawa vijana hawatuoni?"

"Wana haraka tu, mama." Akauinamia tena ule mlango.

Alijua alichofanya. Mwezi mmoja kabla, yeye akiwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya kijiji, walikuja wageni kutoka ng'ambo waliotaka kupanda miwa ya kutengenezea mafuta ya magari. Walihitaji ardhi isiyo na watu. Wakamwahidi usimamizi wa shamba, na pikipiki juu yake. Basi akatia sahihi: eneo halina wakazi wala matumizi. Moyoni akasema, karatasi ni karatasi tu, sisi si tupo? Wala hakumwuliza mama yake. Tamaa mbele, mauti nyuma, na waliosema hivyo hawakuwa wajinga.

Tangu siku ya kile kigingi mambo yakageuka. Trekta zililima mpaka ukutani. Aliwapungia madereva, nao wakatazama kupitia kifuani mwake kama wanaochungulia dirishani. Alipokwenda kudai kazi yake, mlinzi wa geti alipiga miayo tu, akaendelea kunywa chai. Miwa ikaota, ikaziba njia, ikaziba madirisha. Mchana kweupe ndani mlikuwa na giza, na majani yalijisugua ukutani bila kuchoka.

Mama akaugua kifua. Randa alisimama katikati ya barabara kuyasimamisha magari ya kampuni ya wale wageni, ampeleke hospitali. Yalimkwepa kama shimo, yakaenda zake. Siku ya pili mama alimfia mikononi.

"Ungeniuliza tu, mwanangu," ndiyo maneno yake ya mwisho.

Alimchongea jeneza kwa mbao za ule mlango, maana mteja hakurudi kuuchukua. Kisha akaenda ofisi ya wilaya kuomba kibali cha kuzika. Karani akafungua faili, akalisoma polepole.

"Mzee, huko hakuna aliyeishi. Basi hakuna aliyefia huko."

"Nani kasema?"

Karani akamgeuzia karatasi, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Wewe. Hii si sahihi yako?"

Randa akairudisha karatasi, akaenda zake. Yeye mwenyewe akamzika mama yake, palepale penye mafiga, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena.

Leo ukipita kando ya shamba lile saa sita mchana, utasikia mbao zinakwaruzwa ndani ya miwa. Wafanyakazi wanasema ni upepo. Haya, upepo gani huo unaotulia kidogo ukakohoa?

MAFUNZO

Ndugu zangu, mgeni kuja na mtaji si kosa, na kazi tunazitaka. Lakini ardhi ya wengi haiandikiwi na mmoja. Usitie sahihi neno usiloweza kumsomea mama yako kwa sauti. Ukiandika kwamba watu wako hawapo, iko siku utaaminiwa.