Chuo Alichokitaka Profesa

Kila jioni wakitoka shule, Chiriku na Profesa walivua sare, wakanywa chai ya haraka haraka, kisha wakaingia saluni. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ilikuwa na kioo kirefu ukutani, viti vitatu, draya moja iliyonguruma kama ina mafua, na harufu ya mafuta ya nywele iliyopenya mpaka kwenye mashuka ya kulalia. Mwenye saluni alikuwa mama yake Chiriku. Profesa alikuwa binti wa mjomba wake Chiriku, dereva wa malori ya safari ndefu. Mama yake Profesa alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na tangu hapo shangazi yake huyo mwenye saluni ndiye aliyemlea.

Majina hayo, bila shaka, si waliyopewa na wazazi wao. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Profesa naye alishika namba moja mwaka hadi mwaka, mpaka wenzake wakachoka kuuliza nani amekuwa wa kwanza. Sasa wote wawili walikuwa wanamaliza shule, na msimu wa kuchagua vyuo ulikuwa umefika. Bila ufadhili wangebaki nyumbani, kwa maana saluni ililisha tumbo tu, haikulipa ada ya chuo.

"Shoga, huyu Profesa wako atafika mbali," alisema mteja mmoja, muuza viatu wa mtaa wa pili, huku mama akimchana.

"We acha tu!" mama alijibu. "Chuo cha ufundi kinawalipia ada yote wanaofanya vizuri kwenye hesabu. Huyu wasipomchukua, basi watamchukua nani? Chanda chema huvikwa pete."

"Na Chiriku je?"

"Chiriku!" mama akacheka. "Huyo kwanza namwombea Mungu anyamaze kidogo. We Chiriku, zile nywele sakafuni zinamsubiri nani? Fagia!"

Chiriku akafagia. Alifagia kwa wivu, nywele zikaruka mpaka chini ya viti. Kila siku Profesa, Profesa! Profesa akikaa na kitabu, amani ya Bwana; yeye akikaa na kitabu, anaambiwa ainuke akaoshe taulo. Na mbaya zaidi, yule mama ni wake yeye, si wa Profesa.

Si kwamba Chiriku alikuwa mjinga. Hakuwahi kutoka kwenye watano bora. Halafu alikuwa na kipaji ambacho Profesa hakuwa nacho hata chembe. Watoto wa mtaani walimjia kibarazani na madaftari yao, naye aliwaeleza sehemu na desimali kwa vichekesho mpaka wakaelewa bila kujua kwamba wanafundishwa. Profesa akijaribu kueleza, mtoto aliondoka akiwa amepotea kuliko alivyokuja.

Mwalimu wa ushauri aliliona jambo hilo zamani. Siku alipogawa fomu za maombi alimsimamisha Chiriku kando.

"Sikiliza, binti. Kila chuo kina kipimo chake. Ufundi wanaangalia hesabu na fizikia. Chuo cha ualimu wanakuita, wanakupa chaki na darasa la watoto, wanakwambia, haya, fundisha. Anayefundisha vizuri ndiye wanayemlipia. Hicho ni chako hata ukienda na homa."

Chiriku alifurahi. Lakini furaha hiyo haikufika hata getini. Nje, wenzao walikuwa wamemzunguka Profesa wakimwita injinia, injinia! Ghafla ualimu ukaonekana mdogo, kama nguo iliyorudi kutoka kwa dobi imenywea. Nani atampigia makofi mwalimu?

Jioni ile, mezani, Profesa alijaza fomu yake bila kuificha. Chuo cha ufundi, nafasi ya kwanza. Chiriku akachungulia, akaandika vile vile. Mashine hakuzipenda hata kidogo; draya ikikorofisha alikimbia kama ameona nyoka, na Profesa ndiye aliyeifungua kwa bisibisi. Lakini hakuwa anachagua chuo. Alikuwa anakataa Profesa awe nacho peke yake.

Siku ya tatu, mwalimu aliwaita wote wawili ofisini. Fomu zao zilikuwa mbele yake, na uso wake haukuwa na mchezo.

"Mmesoma masharti ya ufadhili wa chuo cha ufundi?"

"Ndiyo, mwalimu," walijibu kwa pamoja, kama wanafunzi wote wanavyojibu wakiwa hawajasoma.

"Mngesoma mngejua. Nyumba moja, mwanafunzi mmoja. Ninyi mlezi wenu ni mmoja na anwani yenu ni moja. Fomu zikienda hivi, zote mbili zitatupwa. Kesho asubuhi nazipeleka. Mmoja abadilishe."

Mwalimu alimtazama Chiriku, akasubiri. Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

"Nitabadilisha mimi," Profesa akasema.

"Wewe?" mwalimu alishtuka. "Wewe ambaye alama zako—"

"Yeye ndiye mtoto wa nyumba ile, mwalimu. Mimi nimehifadhiwa tu. Siwezi kugombania riziki na mtoto wa mwenye nyumba."

Mwalimu alivua miwani, akairudisha. "Nitawasubiri kesho kabla ya kengele. Mkalale, mkafikiri."

Njiani kurudi nyumbani Chiriku alijiambia kwamba ameshinda. Alijiambia hivyo mara nyingi mno, na ushindi wa kweli hauhitaji kuambiwa.

Saluni ilikuwa imejaa. Muuza viatu alirudi kusukwa, na mama, akiwa na wateja wengine, aliwapa wasichana kichwa kile washirikiane. Kusuka kichwa kimoja watu wawili kunataka masikilizano. Mmoja anaanzia kulia, mwingine kushoto, mnakutana katikati, na mikono lazima ivute kwa nguvu sawa.

"Fomu zimekwenda?" mama aliuliza kutoka kiti cha pili.

"Nimebadili mawazo, shangazi," Profesa akasema bila kuinua macho. "Sitaki tena ufundi. Mashine zimenichosha."

"Zimekuchosha! Wewe?" Mama aliacha kuchana. "Na ada utalipiwa na nani?"

"Nitakaa kwanza nyumbani. Nitakusaidia hapa."

Chiriku alisikia, na mikono yake ikaendelea kuvuta. Ilivuta, ikavuta.

"Aii!" muuza viatu aliruka. "Wee mtoto, unanisuka au unaning'oa?"

Mama akaja kutazama. Upande wa Profesa ulikuwa laini, umelala vizuri. Upande wa Chiriku ulikuwa umekazwa mpaka nyusi ya mteja imepanda juu, akionekana kama mtu anayeshangaa kwa jicho moja. Wateja wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Chiriku, fumua. Na wewe Profesa, mwanangu, kazi nzuri kama kawaida yako."

Hapo Chiriku akashindwa. Akatupa kitana, akatoka uani, akajibanza nyuma ya kamba ya taulo. Profesa akamfuata.

"Umesikia?" Chiriku alimgeukia kwa hasira. "Hata ukidanganya unasifiwa! Namba moja wewe, injinia wewe, kazi nzuri wewe. Nimechoka! Ndiyo, nakuonea wivu. Haya, nimesema!"

Profesa alimkodolea macho. Kisha akafanya jambo ambalo Chiriku hakulitazamia. Akalia.

"Wewe unanionea wivu mimi?" alisema. "Huoni? Mgeni ndiye anayesifiwa. Mtoto wa nyumbani hugombezwa. Hajawahi kunigombeza hata siku moja, Chiriku. Nilivunja kioo mwaka jana, akasema pole mwanangu. Wewe ulivunja kikombe, tulisikia mpaka nyumba ya tano. Nilitamani anifokee mimi vile."

Chiriku akavuta taulo kavu kambani, akampa afute machozi. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Siku zote alimwonea kijicho mtu ambaye naye alikuwa akimwonea yeye kijicho, na sasa mtu huyo alikuwa anatoa chuo chake ili asionekane mnyang'anyi.

"Twende," akasema.

Aliingia saluni, mbele ya wateja, mbele ya muuza viatu mwenye nusu ya kichwa, akasema yote. Fomu aliyoiga. Sharti la nyumba moja. Ofisi ya mwalimu, jinsi yeye alivyonyamaza na jinsi Profesa alivyojitoa kwa kuwa amehifadhiwa tu. "Ufundi siutaki, mama. Sikuutaka kamwe. Nilitaka tu Profesa asiupate peke yake."

"Mwenye wivu ajinyonge," mteja mmoja alinong'ona.

"Asijinyonge mtu hapa," mama akasema. "Ingieni wote wawili jikoni, nina maneno nanyi."

Jikoni alifunga mlango. Alianza na Chiriku, na maneno hayo aliyastahili. Kisha akamgeukia Profesa.

"Na wewe! Nani alikwambia umehifadhiwa hapa? Nimekubeba mgongoni, nimekesha na surua yako, leo unasimama mbele ya mwalimu unajiita mgeni? Na kunidanganya juu yake! Mashine zimenichosha! Ukirudia upuuzi huo nitakuchapa fimbo, injinia wangu mzima!"

Profesa alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Kisha mama akakaa, sauti ikashuka. "Nami nina kosa. Nilidhani nikimsifu huyu hatajiona yatima, na nikimfokea huyu anajua kwamba nampenda. Kumbe nimewakosea wote."

Asubuhi, kabla ya kengele, walikuwa ofisini watatu, mama akiwemo. Chiriku alifuta nafasi ya kwanza, akaandika chuo cha ualimu. Mwalimu alisema tu, "Haya, sasa hii fomu ni yako."

Jibu la Profesa lilifika mapema: ada yote. Mtaa mzima ukaja kupongeza. Chiriku, ambaye bado alisubiri kuitwa akafundishe, alimvuta mama kando.

"Mama, wivu umerudi. Naumia hapa."

"Vizuri umesema," mama alijibu. "Wivu utakubishia hodi maisha yako yote, mwanangu. Kubisha kwake si kosa lako. Kosa ni kuufungulia, ukaupa kiti, ukauachia kalamu ukuchagulie njia. Mwenzio ana bahati yake, wewe una yako, na yako huwezi kuiona ukiwa umeikodolea macho bahati ya mwenzio. Nenda kampongeze."

Chiriku akaenda. Ilikuwa ngumu, lakini alimkumbatia. Siku chache baadaye aliitwa chuo cha ualimu, akapewa chaki na darasa la watoto wasiomjua. Mtoto mmoja nyuma alikuwa amelala juu ya dawati. Chiriku alimtazama, akatabasamu, akaanza kusema.