Viatu vya Mama Vilibaki Kwenye Nyasi

Nina umri wa miaka thelathini na moja, fundi wa baiskeli hapa Kaloleni, Kisumu. Majirani hawajui kwamba mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, mikono hii yenye grisi ilikuwa inajifunza kurusha ndege. Na wale wa kwetu Nyamasaria wanaojua, wanajua uongo. Leo nasema ukweli, hata kama nitatemewa mate.

Mwalimu wangu wa urubani alikuwa mzee mkali mwenye sheria mbili tu. Mwanafunzi asibebe mtu. Na ikifika mchana awe chini, kwa sababu mchana upepo wa ziwa huamka. Nilizijua kama jina langu.

Lakini majivuno, jamani! Kwetu walikuwa wakisema mimi sirushi ndege, naziosha tu. Nikaona nitawafunga midomo. Jumapili moja nikawaalika akina mama wa kanisa, wenzake mama yangu, waje uwanjani wanione. Ibada ikachelewa kwisha. Walifika saa saba na nusu, vitambaa vyeupe kichwani, na ngoma yao. Mwalimu alikuwa ameenda kula. Nikawasimamisha ule mwisho wa uwanja ulio karibu na ziwa, nikawaambia nitatua pale pale mbele yao.

Mama hakutaka kupanda. Aliniomba taratibu nimwache, atanitazama akiwa chini na wenzake. Nikamwinamia sikioni, wale wengine wakiimba wasisikie.

"Mama, ukikataa utaniaibisha. Kama unanipenda, panda."

Alinitazama kidogo... Kisha akavua viatu, akaviacha kwenye nyasi, kama mtu anayeingia nyumba ya wenyeji wake. Wenzake wakapiga vigelegele. Walidhani ana hamu!

Huko juu alifumba macho mpaka nilipomwambia boma letu liko chini yake. Akachungulia, akaona bati lake jipya, akacheka. Kicheko hicho nakisikia mpaka leo.

Tuliporudi, upepo ulikuwa umeshaamka, unavuma kutoka ziwani. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua kwamba ndege hutua ikiukabili upepo. Ilinipasa kuzunguka nije kutoka upande wa nchi kavu. Lakini akina mama si walikuwa upande wa ziwa? Ningetua mbali nao, na mimi nilitaka wanione! Basi nikaja kutoka ziwani, upepo ukinisukuma mgongoni. Ndege ikakataa kushuka. Ikapita juu ya vile vitambaa vyeupe, ikagusa chini uwanja ukiwa karibu kwisha. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili... wapi! Tukaingia mtaroni, ndege ikapinduka.

Mimi nilivunjika mkono. Mama aliishi siku nne.

Maofisa walikuja hospitalini kuuliza ni nani aliyeamua abebwe. Nilikuwa nimesimama miguuni pake. Nikafungua mdomo nijibu, Mama akanitangulia.

"Ni mimi," alisema. "Nililia mpaka huyu kijana yangu akachoka. Msimfukuze."

Nami nikafunga mdomo. Ndiyo, ndugu wasomaji, nikaufunga!

Kwenye mazishi mhubiri alionya juu ya tamaa. Wenzake Mama wakatikisa vichwa, wakikumbushana alivyovua viatu mbio mbio, wakasema alijitakia. Nilisikia kila neno. Nikaendelea kulia, nikipewa pole... Baadaye niliruhusiwa kurudi masomoni. Nilikwenda siku moja tu, nikaziona zile nyasi, nikageuka nikaenda zangu.

Vijana wenzangu, nawasihi. Usimfanye mzazi wako kitu cha kujionyeshea kwa watu. Na ukikosa, usikubali mtu mwingine aseme ni yeye, hasa yule anayekupenda. Atakufa na kosa lako, nawe utabaki huna wa kumwomba radhi.

Akina mama wa Nyamasaria, mkisomewa haya, msinisamehe haraka. Viatu vyake ninavyo, chini ya kitanda changu. Hakuvivua kwa hamu. Mama alikuwa anaogopa, na aliyempandisha ni mimi.