Nyuki wa Gavana

Rafiki yangu Keziah wa Connecticut, Marekani, alikuwa na digrii isiyomnunulia hata mkate, na damu ya Gavana Elnathan Wadlow, aliyetawala koloni kabla taifa halijazaliwa. Damu hiyo nayo haikumnunulia kitu. Ukoo mzima ulikuwa yeye, mama yake Lydia, mjomba Asa, na mzinga wa nyuki waliorithiwa tangu enzi za Gavana.

Jioni moja mjomba akakata roho.

“Chukua ufunguo wa nyumba ukawaambie nyuki kuhusu msiba kabla ya giza,” mama alisema, akikanda unga. “Wakicheleweshewa habari, hawatosheki na maiti mmoja.”

“Eti nyuki! Waajiri wenyewe hawanijibu, sembuse wadudu?”

“Nenda wewe, maneno mengi!”

Keziah akacheka, akamalizia kwanza kutuma barua nyingine ya kuomba kazi. Alipotoka, bustani ilikuwa giza totoro. Nyuma yake, mama alikuwa akiimba jikoni.

Akagonga mzinga kwa ufunguo mara tatu, kama alivyofundishwa utotoni. “Nyuki, Asa amefariki. Kaeni nasi.”

Mvumo ukakatika ghafla. Akaweka sikio kwenye ubao. Kimya. Ndipo akagundua kwamba hata wimbo wa jikoni haukusikika tena.

Kutoka ndani ya mzinga, chuma kikagonga ubao mara tatu. Mvumo ukaanza taratibu, ukipanda na kushuka kama sauti ya mzee aliyezoea kuhutubia.

“Keziah, Lydia amefariki. Kaa nasi.”